Penseli mbili zinapogeuka moja: jicho linaungaje sehemu isiyoonekana?

Msomaji mmoja anayejifunza kuchora ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nilisimamisha penseli mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini nimeichomeka kwenye donge la udongo wa kufinyangia, ya juu naishika kwa mkono uliotulia juu ya rundo la vitabu. Mbele ya pengo lililo kati yake nimeweka ukanda wa kadibodi. Nikifumba jicho la kushoto naona penseli moja ndefu iliyopita nyuma ya kadibodi. Nikifumbua yote mawili inakatika, zinakuwa mbili. Rafiki yangu anasema ni akili tu inayobuni, kwa kuwa najua penseli ilivyo. Ni kweli? Na mbona nikiziinamisha, kuna mikao ambayo zinaungana na mingine zinakataa kabisa?"

Marahaba. Swali lako limenifurahisha sana, maana kwa kadibodi na penseli umefanya jambo ambalo sisi tunaochunguza kuona tulichelewa kulifanya. Kwa miaka mingi tulisoma namna watu wanavyojaza mapengo kwenye michoro bapa, huku tukijua fika kwamba macho hayaishi kwenye karatasi. Yanaishi kwenye nafasi yenye kina, ambako karibu kila kitu kinafichwa nusunusu na kingine.

Rafiki yako hajapatia. Vile vipande haviungwi kwa sababu unajua penseli ilivyo. Vinaungwa kwa kufuata mwelekeo wa kingo zake pale zinapoingia nyuma ya kadibodi, na mwelekeo huo unapimwa kwa pande zote tatu: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ulipofumba jicho moja ulipunguza sana habari za mbele na nyuma, na kanuni ikafanya kazi na kilichobaki. Ulipofumbua, habari zikarudi, na kanuni ileile ikatoa jibu tofauti.

Tulitazame jaribio lako kwa karibu. Tuseme penseli ya juu iko sentimita 50 kutoka usoni pako, na ya chini iko nyuma yake kidogo, sentimita 51. Umezipanga kwa jicho la kulia mpaka zikaonekana ziko kwenye mstari mmoja. Sasa jicho la kushoto liko kando ya la kulia kwa takriban milimita 63 kwa mtu mzima, kwa hiyo linazitazama kutoka pembe nyingine. Kwalo hazipo kwenye mstari. Ile ya nyuma imehamia kushoto kwa zaidi kidogo ya milimita moja. Hakikisha mwenyewe: fumba la kulia, fumbua la kushoto, utaona imeruka kando.

Milimita moja na ushei ni ndogo ukiitaja, lakini kwa macho mawili yanayofanya kazi pamoja ni pengo kubwa. Kwa pembe ni kama dakika 8, na dakika ni sehemu ya 60 ya digrii. Watu wengi wenye macho yanayoshirikiana vizuri wanabaini tofauti iliyo chini ya dakika moja. Ubongo hauioni tofauti hiyo kama penseli "iliyosogea kando". Unaisoma kuwa ni kina: hii iko mbele, ile iko nyuma. Charles Wheatstone ndiye aliyelithibitisha jambo hili mwaka 1838, alipoonyesha kwamba picha mbili bapa zenye tofauti ndogo, moja kwa kila jicho, zinatosha kumfanya mtu aone kitu chenye kina. Kwa hiyo ulipofumbua jicho la pili, hukuona picha ileile kwa ubora zaidi. Uliona penseli ya juu inaingia nyuma ya kadibodi kwenye kina kimoja, na ya chini inatoka kwenye kina kingine. Fimbo iliyonyooka haiwezi kufanya hivyo, na jicho likakataa kuziunga.

Umefanya vizuri pia kuzisimamisha wima, hata kama ilikuwa bahati. Ukizilaza zikatokeza kushoto na kulia mwa kadibodi, jaribio linadhoofika. Macho yetu yamepangwa kushoto na kulia, kwa hiyo mstari uliolala unaangukia karibu sawa kwenye macho yote mawili, na ukiacha ncha zake hauna cha kulinganishwa. Mstari wima unatoa tofauti kwa urefu wake wote.

Kabla ya kufika kwenye kanuni ya kuunga, kuna swali jingine ambalo ubongo lazima ulijibu kwanza, nalo ni hili: huu ukingo ni wa nani? Pale penseli yako inapokatikia kwenye kadibodi kuna mpaka. Mpaka huo ni mwisho wa penseli, au ni mwisho wa kadibodi? Ukiwa wa kadibodi, penseli haina mwisho pale, imefichwa tu, na ina ruhusa ya kuendelea. Ukiwa wa penseli, basi penseli imeishia hapo na hakuna cha kuunga.

Mwaka 1989 Ken Nakayama, Shinsuke Shimojo na Gerald Silverman walilionyesha jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo naiona ni nzuri mno. Walichukua picha ya uso wa mtu, wakaikata vipande vya milia, baina yake wakaacha milia mitupu. Kisha wakabadilisha kina tu, kwa kutumia tofauti ya picha za macho mawili. Milia mitupu ilipokaa mbele, uso ulionekana uko nyuma yake, mzima, kama mtu anayechungulia kwenye nondo za dirisha, na watu waliutambua kwa urahisi. Vipande vya uso vilipoletwa mbele, vikawa vinaelea kama mikanda, kila kimoja na kingo zake, na kuutambua uso kukawa kugumu zaidi. Vipande ni vilevile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni mwenye ukingo.

Miaka kumi baadaye, 1999, Yoichi Sugita aliona jambo linalofanana na hilo ndani ya ubongo wa nyani, kwenye eneo la kwanza kabisa la gamba la ubongo linalopokea habari kutoka machoni. Kuna seli za neva pale zinazoitika mstari ukipita sehemu fulani. Alipoweka vipande viwili vya mstari na kibandiko katikati, baadhi ya seli zilinyamaza kibandiko kilipokuwa kwenye kina kimoja na vipande au nyuma yake. Kiliposogezwa mbele, yaani kikawa kizuizi halisi, ziliitika kana kwamba mstari umepita nyuma yake. Hizi ni seli za mwanzoni mwa safari. Sidhani kama kuna mtu anayeweza kusema kwamba mahali pale ndipo nyani anakaa na kutafakari penseli ni kitu gani.

Sasa kanuni yenyewe. Wazo la msingi ni la zamani. Mwaka 1923 Max Wertheimer aliandika kwamba jicho hupendelea mistari inayoendelea vizuri, isiyovunja mwelekeo wake ghafla. Ni kweli, lakini "vizuri" ni neno linalobeba chochote. Mwaka 1991 Philip Kellman na Thomas Shipley walilipa kipimo. Chukua ukingo mmoja pale unapofichika, uurefushe kwa mstari ulionyooka kuingia kwenye pengo. Ufanye hivyo na wa upande wa pili. Ikiwa mistari hiyo miwili inakutana, na njia ya kutoka mmoja kwenda mwingine haihitaji kugeuka zaidi ya digrii 90, kingo hizo zinaungika. Isipokutana, au kona ikizidi hapo, haziungiki. Upotofu mdogo unavumiliwa, na nguvu ya muungano hupungua taratibu kadiri kona inavyokuwa kali. Hilo la kupungua taratibu usilisahau, kwa sababu wengi wanaisoma kanuni hii kama mlango ambao ama umefungwa ama uko wazi, na wakijaribu nyumbani wanakatishwa tamaa.

Kanuni hiyo ilikuwa ya karatasi. Mwaka 2005 Kellman na Shipley, pamoja na Patrick Garrigan, waliipeleka kwenye pande tatu. Ndani ya nafasi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mistari miwili inaweza kupishana bila kugusana, kama waya mbili zinazovuka barabara moja kwa urefu tofauti. Ukizitazama kutoka chini zinakatana, ukizitazama kutoka ubavuni ziko mbalimbali. Kwa hiyo kukutana kwenye picha hakutoshi. Ni lazima mistari ile ikutane, au ikaribie sana kukutana, ndani ya nafasi yenyewe.

Hapa ndipo lilipo jibu la mikao yako. Anza na penseli zote wima, kwenye kina kimoja. Zinaungana mara moja. Sasa inamisha ya juu ili ncha yake ya chini ielekee mbali nawe kwa digrii 30, na ya chini ili ncha yake ya juu ielekee mbali nawe kwa digrii 30 pia. Ukizirefusha zinakutana nyuma ya kadibodi, na kona yake ni digrii 60. Utaona kitu kimoja kilichopinda kwenda nyuma na kurudi, kama kiwiko. Zidisha mpaka kila moja iwe digrii 50: kona sasa ni digrii 100, imevuka mpaka, na muungano unalegea au unatoweka. Kisha fanya hili, ndilo ninalolipenda kuliko yote: rudi kwenye digrii 30 zile zile, halafu sogeza penseli ya chini yote ije mbele kwa sentimita mbili bila kubadilisha mwinamo wake. Utalazimika pia kuisogeza kando kidogo ili kwa jicho la kulia ibaki kwenye mstari. Kwa jicho hilo karibu hakuna kilichobadilika. Kwa macho mawili, kiwiko kimevunjika.

Unaweza kuuliza: sayansi inajuaje kwamba mtu "ameona kimoja", ikiwa ni jambo la ndani ya nafsi yake? Swali hilo liliwasumbua watu, maana ukimwuliza mtazamaji "ni kimoja au viwili?" anaweza kukupa jibu analodhani unalitaka. Kellman na wenzake walipita njia nyingine. Waliwaonyesha watu vibao viwili, kimoja juu ya kingine, vyenye pengo kati yake na vyenye kina kwa macho mawili. Hawakuwauliza kuhusu umoja. Waliwauliza tu: vibao hivi vina mwinamo mmoja, au vinakunjana kuelekeana? Swali hilo lina jibu sahihi. Ikawa kwamba vibao vilipokaa kwa namna inayoungika ndani ya nafasi, watu walijibu kwa usahihi na kwa kasi zaidi. Kibao kimoja kiliposogezwa kwa kina kidogo, mwinamo ukiwa uleule, faida ile ikapotea. Muungano ulikuwa unawasaidia kuona, ingawa hakuna aliyewaomba wauone.

Swali linalofuata kwa mchoraji ni la umbo. Ndani ya pengo, mstari usioonekana unapita wapi hasa? Shimon Ullman mwaka 1976 alipendekeza kwamba ni vipande viwili vya duara vinavyoshikana bila kona, vikichaguliwa ili jumla ya kupinda iwe ndogo iwezekanavyo. Wengine, David Mumford akiwemo, walirudi kwenye hesabu ya Leonhard Euler ya mwaka 1744 kuhusu fito nyembamba inayonyumbulika: ukiishika ncha zake mbili na kuzielekeza utakako, inachukua umbo ambalo nishati yake ya kupinda ni ndogo iwezekanavyo. Wachora mashua wa zamani walizitumia fito za aina hiyo kupata mikunjo yao, na mkono wako wa mchoraji unafanya jambo la jamii hiyo unapounganisha alama mbili kwa mstari mmoja laini.

Maumbo haya ya kihesabu yanakaribia, lakini jicho lina tabia yake. Manish Singh na Jacqueline Fulvio walichapisha mwaka 2005 majaribio ambamo watu waliendeleza mkunjo unaoingia nyuma ya kizuizi. Kama mkunjo unaoonekana ni kipande cha duara, ungetarajia mtu aendelee na duara lilelile. Haifanyiki hivyo. Kadiri watu walivyokwenda mbali na sehemu inayoonekana, mkunjo wao ulizidi kunyooka, na kutokuwa na uhakika kwao kuliongezeka. Ni kana kwamba jicho linasema: hapa karibu nina ushahidi kwamba kitu hiki kinapinda, kule mbali sina, na nisipokuwa na ushahidi nanyoosha. Huu ni ukweli wa manufaa kwako. Unapochora bakuli lililofichwa nusu na kitabu, halafu ukaondoa kitabu na kuimalizia duara kwa macho tu, angalia kama hukulifanya bapa kidogo katikati ya pengo. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, na wanadhani ni mkono usiotulia.

Nirudi sasa kwa rafiki yako, maana hoja yake ina uzito na inastahili kujibiwa kwa heshima. Kama ujuzi ndio unaounga, basi ujuzi ungeweza pia kutenganisha. Chukua picha ya mti mnene, upande mmoja nyuma yake kimetokeza kichwa na kifua cha farasi, upande wa pili matako na mkia, lakini umbali kati yake ni wa farasi watatu. Kila mtu anajua hakuna farasi wa urefu ule. Akili inasema ni farasi wawili. Jicho linaona mmoja mrefu ajabu, na linaendelea kumwona hata baada ya kuelezwa. Mwanasaikolojia wa Italia Gaetano Kanizsa aliikusanya hoja ya aina hii maisha yake yote. Pembetatu yake maarufu ya mwaka 1955 ni ya jamii hiyohiyo: duara tatu nyeusi zilizomegwa kama zimeondolewa kipande, na katikati yake inaonekana pembetatu nyeupe yenye kingo kali, mahali ambapo kwenye karatasi hakuna wino wowote. Mwaka 1984 Rüdiger von der Heydt, Esther Peterhans na Günter Baumgartner waliripoti seli katika eneo la pili la gamba la kuona la nyani zinazoitika kwa kingo za namna hiyo zisizokuwepo.

Nikiri kwamba kuna mabishano hapa. Kellman na wenzake wanashikilia kwamba ukingo unaoonekana bila kuwepo, kama wa pembetatu ile, na ukingo uliofichwa, kama wa penseli zako, hutengenezwa na utaratibu mmoja. Wengine, Barton Anderson na Singh wakiwa miongoni mwao, wamepinga wakionyesha hali ambazo aina mbili hizo zinaachana. Mimi naamini hatua ya kwanza, ile ya kupima kama kingo zinaelekeana, ni moja, na kwamba yanayofuata yanategemea kipi kiko mbele ya kipi. Lakini sitamlaumu anayesoma ushahidi uleule akafika kwingine.

Ukitaka kumshawishi rafiki yako bila maneno mengi, tumia mpira mwepesi wa tenisi ya mezani. Mwambie aukate katikati apate kikombe, kisha akivike kwenye ncha ya kidole chake cha shahada kilichosimama, upande wa mviringo ukiwa juu. Halafu atazame kidole hicho kutoka juu moja kwa moja. Ataona mpira mzima. Anajua ni nusu, ameukata mwenyewe, ngozi yake inaugusa kwa ndani, na bado ataona mzima. La kushangaza zaidi liliripotiwa mwaka 2016 na Vebjørn Ekroll na wenzake: watu wanahisi kidole chao kimefupika. Nusu ya chini isiyokuwepo imejengwa na kuona kwa uzito kiasi kwamba inahitaji nafasi, na nafasi hiyo inachukuliwa kwenye kidole. Nilipolifanya mara ya kwanza nilikaa nikikitazama kidole changu kwa dakika kadhaa, nikikiinua na kukishusha.

Mpira huo pia unatufundisha kwamba kingo peke yake hazimalizi habari. Nyuma ya mpira hakuna kingo mbili zinazoelekeana. Kuna uso unaopinda na kutoweka. Peter Tse alisisitiza mwaka 1999 kwamba tunajaza pia ujazo wa kitu: kwenye michoro yake kuna maumbo yanayoonekana yamejizungusha kwenye nguzo, sehemu za nyuma zikiwa zimefichwa, na hakuna jozi ya kingo inayokidhi kanuni ya kuungika. Bado tunaona mwili mmoja mnene unaozunguka. Kwa hiyo nikikuambia "fuata kingo", nimekupa sehemu kubwa ya jibu lakini si yote.

Je, tunazaliwa nayo? Si yote. Kellman na Elizabeth Spelke mwaka 1983 waliwaonyesha watoto wa miezi minne fimbo iliyozibwa katikati na boksi. Sehemu mbili zinazoonekana ziliposogea pamoja, watoto waliichukulia kuwa fimbo moja. Ziliposimama tu, hata kama zimelingana barabara, hawakufanya hivyo. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba mwendo wa kusogea mbele na nyuma, yaani mwendo wa kina, unawatosha pia. Watoto wachanga wa siku chache, kwa mujibu wa Alan Slater na wenzake, wanaonekana kuchukulia vipande kama vipande. Mwendo wa pamoja unatangulia, mwelekeo wa kingo unafuata baadaye, labda baada ya jicho kuona mara maelfu kwamba kingo zinazoelekeana kwa mkunjo laini kwa kawaida ni za kitu kimoja. Wilson Geisler na wenzake walipima picha za mandhari mwaka 2001 wakakuta kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Hilo la mwendo lina faida kwako kwenye meza ya kuchora. Fumba tena jicho la kushoto, penseli ziungane, kisha sogeza kichwa taratibu kulia na kushoto. Zitaachana. Jicho moja linalosogea linapata baada ya muda kile ambacho macho mawili yanapata kwa mara moja. Ndiyo sababu mtu mwenye jicho moja zima anaendelea kuishi kwenye dunia yenye kina, na ndiyo sababu pia kamera iliyosimamishwa kwenye stendi bila kusogea inadanganyika kuliko yeye.

Na sasa mchoro wako. Karatasi haina macho mawili wala mwendo. Kila mtazamaji wako yuko kwenye hali ya penseli zako kwa jicho moja, na kanuni itaunga chochote kinacholingana hata kama hukukusudia. Ukichora nguzo ya nyuma ambayo kwa bahati imeangukia kwenye mstari mmoja na mguu wa kiti cha mbele, mtazamaji ataviunga, na kina cha chumba kizima kitaporomoka pale. Sogeza kimoja kando kidogo, au kipishe kingine waziwazi ili ijulikane kipi kiko mbele. Vivyo hivyo, ukitaka waya uliopita nyuma ya sanduku uonekane mmoja, usishughulike sana na urefu uliofichwa. Shughulika na nusu sentimita ya mwisho kabla haujafichika na nusu sentimita ya kwanza baada ya kutokea, maana mwelekeo wake pale ndio jicho linaousoma. Ukikosea hapo kwa digrii chache, hakuna kivuli kitakachouokoa.

Jaribu pia kuweka waya mmoja mzima uliopindwa nyuma ya ukanda wako, kona ikiwa kali kupita digrii 90, na umwite rafiki yako atazame bila kumwambia. Akisema anaona waya mbili, vuta kadibodi.